LSAT kwa msomaji wa polepole: muda unapotelea wapi?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Morogoro, sasa naishi Columbus, Ohio. Shahada ya kwanza nilisomea nyumbani Tanzania. Hapa nabeba boksi zamu ya usiku ghalani, nikiwa na nia ya kuomba shule ya sheria, na shule ninazozifikiria zote zinataka matokeo ya LSAT, ule mtihani wa kuingilia shule za sheria Marekani.

Kuongea Kiingereza hakunisumbui. Kusoma ndiko kunaniangusha. Nasoma polepole mno. Nimefanya mtihani mmoja wa mazoezi nikapata 147, kwenye kipimo cha 120 hadi 180. Kwenye sehemu ya ufahamu muda uliisha nikiwa nimefanya vifungu viwili na nusu kati ya vinne, na kwenye sehemu za hoja nilibakiza maswali saba au nane.

Rafiki mmoja ananishauri nilipie kozi ya kusoma kwa kasi. Mwingine anasema nisome maswali kwanza, kifungu baadaye. Wa tatu anasema niombe muda wa ziada kwa kuwa Kiingereza si lugha yangu ya kwanza. Nilipanga kujisajili kwa mtihani wa Januari, na imebaki miezi minne. Nianzie wapi?

Msomaji wa Polepole, Ohio

*

Marahaba dada,

Kabla hujamlipa mtu yeyote hela ya kukufundisha kasi, tupige hesabu kwanza, maana barua yako yenyewe inaonyesha kuwa kasi ya macho si mwizi mkubwa wa muda wako.

Sehemu ya ufahamu ina dakika 35, vifungu vinne na maswali kama 27. Kila kifungu kinapata dakika 8 na sekunde 45. Kifungu kimoja kina maneno 450 hadi 500 hivi. Tuseme unasoma maneno 150 kwa dakika, kasi ambayo wengi wataiita ndogo. Utakimaliza kwa dakika tatu na ushee, ubaki na dakika tano na nusu za maswali sita au saba, yaani karibu sekunde 50 kwa swali. Zinatosha. Lakini wewe umefanya vifungu viwili na nusu, maana yake kila kimoja kimekula dakika 14. Kusoma kulichukua tatu, labda nne. Zile kumi zilizobaki zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye kurudi nyuma. Umesoma sentensi, hukuielewa, ukairudia. Umefika kwenye swali, hukukumbuka jambo liko aya ya ngapi, ukasoma upya kifungu karibu kizima. Umebaki na machaguo mawili, ukayasoma yote mawili mara nne nne. Halafu kuna jambo ambalo watahiniwa wengi hawalihesabu: swali moja pamoja na machaguo yake matano mara nyingi hufika maneno 80 hadi 120. Zidisha kwa saba, utakuta maneno ya maswali ni mengi kuliko ya kifungu chenyewe. Anayejifunza kupepesa macho haraka juu ya kifungu anaokoa kwenye fungu dogo na kuendelea kuvuja kwenye fungu kubwa.

Ndiyo maana kozi ya kusoma kwa kasi nakushauri uiache. Mtafiti wa usomaji Keith Rayner na wenzake walipitia tafiti za eneo hili katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, wakaonyesha kwamba ukiongeza sana kasi uelewa unashuka, na kwamba kinachomfanya mtu asome haraka kweli ni kuijua lugha vizuri na kuisoma sana. Na maswali ya LSAT yametungwa makusudi kumnasa aliyepita juu juu: neno moja kama "most" au "only" ndilo linalotenganisha jibu sahihi na mtego.

Wiki yako ya kwanza iwe ya kupima. Chukua sehemu moja ya ufahamu kutoka LawHub, tovuti ya LSAC wanaosimamia mtihani. Akaunti ya bure ina mitihani halisi michache ya kuanzia. Weka saa lakini usijibane na dakika 35. Kwa kila kifungu andika nyakati mbili: ulipomaliza kusoma, na ulipomaliza maswali. Weka alama kwenye kila swali ambalo jibu lake hukuwa na uhakika nalo. Ukimaliza, kabla hujaangalia majibu, rudia maswali yote yenye alama kwa utulivu, uandike jibu la pili pembeni. Hapo ndipo usahihishe yote mawili. Ukiona bila haraka unapata 23 au zaidi kati ya 27, basi uelewa unao na kazi yako ni kuziba mahali muda unapovuja. Ukiona hata bila saa unapata 16 au 17, tatizo ni uelewa, na kujibana na saa sasa hivi kutakufundisha kukosea kwa haraka zaidi. Watu wengi huanza na saa siku ya kwanza, wanafanya mitihani 20, alama haisogei, kisha wanailaumu akili yao.

Sasa ushauri wa kusoma maswali kwanza. Usiufuate. Utasoma maneno 600 usiyojua yanahusu nini, utayasahau, kisha utayasoma tena. Kwa msomaji wa haraka huo ni upotevu mdogo. Kwako ni dakika nne kwa kila kifungu. Soma kifungu mara moja, polepole kadiri unavyohitaji, na usiivuke aya kabla hujaweza kusema kwa maneno yako mwandishi ameiweka pale kwa kazi gani. Nasema kazi, maana yaliyomo utayakuta pale pale ukiyahitaji. Karatasi ya rafu inaruhusiwa, kwa hiyo andika maneno matatu hadi sita kwa aya: "maoni ya zamani", "kwa nini si kweli", "jaribio la samaki, linaunga mkono", "mwandishi: kiasi tu". Ukiona Kiswahili kinakujia upesi, andika Kiswahili, hakuna anayeisahihisha karatasi hiyo. Usichopaswa kufanya ni kutafsiri kichwani sentensi baada ya sentensi, kwa sababu hapo unasoma kila kitu mara mbili.

Sentensi ndefu zinahitaji zoezi lake. Mtunzi wa LSAT hupenda kutenganisha kiima na kitenzi kwa maneno 20 ya katikati: nani aliyesema, lini, isipokuwa nini. Msomaji anapofika kwenye kitenzi ameshasahau nani anafanya, ndipo anarudi mwanzo. Kila siku chukua sentensi tano za namna hiyo, tafuta kitenzi kikuu, uliza nani anakifanya, uzifinye kila moja ibaki maneno saba. Kwa chakula cha kila siku nje ya mtihani, tumia maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, yanapatikana bure kwenye tovuti yao; ule muhtasari wa mwanzoni una ugumu unaofaa. Nusu saa kwa siku, bila kamusi katika usomaji wa kwanza. Maneno ya Kilatini ya sheria usijisumbue nayo, LSAT haiyapimi. Maneno ya kuandika kwenye kadi ni yale yanayogeuza hoja: "although", "nevertheless", "unless", "presumably", "insofar as". Na ujue kwamba katika mtihani huu "some" ni angalau mmoja, huku ikiacha nafasi kwamba huenda ni wote, na "most" ni zaidi ya nusu, bila kukataa wote.

Hata hivyo, ukiwa na saa moja tu ya kujisomea, ielekeze kwenye hoja badala ya ufahamu. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya mantiki imeondolewa. Sasa unafanya sehemu nne za dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya pili. Zenye alama ni tatu: mbili za hoja na moja ya ufahamu. Ya nne ni ya majaribio, haihesabiwi, na hutaambiwa ni ipi. Kwa hiyo karibu thuluthi mbili ya alama zako inatoka kwenye hoja, ambako matini ni aya fupi. Msomaji wa polepole anashinda hapo kabla ya pengine popote, mradi asiyasome machaguo akiwa mtupu kichwani.

Nionyeshe ninachomaanisha. Tuseme umepewa hoja hii: "Mwaka jana halmashauri iliweka taa katika mtaa wa soko. Tangu hapo, matukio ya wizi yanayoripotiwa katika kituo cha mtaa huo yamepungua kwa nusu. Kwa hiyo taa hizo zimewazuia wezi." Swali: lipi, likiwa kweli, linaidhoofisha zaidi hoja hii?

Simama hapo, funika machaguo kwa kiganja. Hitimisho ni lipi? Taa zimezuia wezi. Ushahidi ni upi? Idadi ya ripoti. Pengo liko wapi? Wizi na ripoti ya wizi ni vitu viwili. Basi kinachotafutwa ni ama sababu nyingine ya wizi kupungua, ama sababu ya ripoti kupungua wizi ukiwa pale pale. Sasa ondoa kiganja. A: baadhi ya wakazi walilalamikia gharama ya taa. Haigusi, umeitupa baada ya maneno manne. B: wezi wengi hupendelea kuiba gizani. Inavutia kwa sababu inataja giza, lakini inaisaidia hoja. C: kituo cha polisi cha mtaa huo kilipunguza saa za kufunguliwa wiki ile ile taa zilipowashwa. Hilo ndilo. D: mtaa wa jirani usio na taa wizi wake haukupungua. Inaimarisha. E: taa hizo zinatumia umeme wa jua. Pita. Aliyesimama sekunde 15 kutafuta pengo amesoma machaguo mara moja. Asiyesimama ameyasoma matano yote, akabaki na B na C, akarudi kwenye hoja, akayasoma tena. Ndiyo dakika mbili hizo.

Katika hoja una wastani wa dakika moja na sekunde 24 kwa swali, lakini usigawe hivyo. Maswali kumi ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi. Magumu hujazana kuanzia kama la 14 hadi la 22. Ya kulinganisha mantiki ya hoja mbili, ambapo kila chaguo ni aya nzima, yawekee bendera na uyaruke papo hapo. Hayo ni marefu, na yana alama moja tu kama mengine. Rudi kwayo mwishoni ukibakiwa na muda.

Ufahamu nao tuufanyie hesabu isiyo na aibu. Ukikimbilia vifungu vyote vinne na kupata asilimia 60, una maswali 16 sahihi. Ukifanya vitatu kwa utulivu, tuseme maswali 20 kwa usahihi wa asilimia 85, una 17. Yale maswali saba ya kifungu cha nne ukiyajaza herufi moja yote, bahati itakupa moja au mawili. Unafika 18. LSAT haikati alama kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kutupa. Kifungu cha kuachwa si lazima kiwe cha mwisho: angalia kipi kina maswali matano tu, hicho kiwe sadaka. Vifungu vinatoka sheria, sayansi, sayansi ya jamii na sanaa, na kimoja kati ya vinne ni jozi ya matini mbili fupi, A na B. Hicho cha jozi usikiogope. Soma A, andika msimamo wake kwa mstari mmoja, kisha soma B ukiwa na swali moja tu: huyu anamkubali mwenzake wapi na anamkataa wapi? Nusu ya maswali umeshayajibu. Baadaye, usahihi ukishakaa, utakuta unaingia kifungu cha nne bila kujilazimisha.

Kuhusu muda wa ziada, rafiki yako amekosea, lakini usilifunge jambo hilo haraka. LSAC hutoa muda wa ziada kwa ulemavu au hali ya kiafya yenye nyaraka: disleksia (tatizo la kusoma), ADHD (tatizo la kutulia na kuzingatia), uoni hafifu na kadhalika. Kiingereza kuwa lugha ya pili au ya tatu hakimo. Sasa jipime hivi. Tafuta habari moja iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zinazokaribiana kwa urefu wa maelezo. Isome ya Kiswahili kwa saa, kesho isome ya Kiingereza. Usilinganishe maneno kwa dakika, kwa sababu neno letu moja hubeba kiima, wakati na kitenzi kwa pamoja. Linganisha dakika na ulichokumbuka. Kama Kiswahili unateleza, tatizo lako ni lugha na dawa yake ni hayo niliyoeleza juu. Kama hata Kiswahili kinakuchosha, mistari inakuruka, na ilikuwa hivyo tangu shule ya msingi, tafuta mwanasaikolojia anayepima matatizo ya usomaji. Ukithibitishwa, muda wa nusu ya ziada unakupa dakika 53 kwa sehemu badala ya 35, na matokeo yanayopelekwa shuleni hayana alama ya kuonyesha ulipewa nafuu hiyo. Maombi huwasilishwa wiki kadhaa kabla ya mtihani, na vipimo vyenyewe huchukua muda na hela, kwa hiyo kama dalili unazo, simu ya kwanza ipigwe wiki hii.

Ratiba kwa anayetoka zamu ya usiku: usifanye mazoezi asubuhi ukitoka kazini. Ufahamu ndio wa kwanza kufa kwa usingizi, na utaandika kwenye daftari kuwa huwezi wakati umechoka tu. Lala, uanze alasiri. Wiki sita za mwanzo bila saa: maswali kumi ya hoja na kifungu kimoja kwa siku, siku tano za wiki, na muda sawa na huo wa kuchambua makosa. Daftari la makosa liwe na mambo matatu tu kwa kila swali: kwa nini nilipenda jibu baya, neno gani katika jibu hilo linaliharibu, neno gani katika matini linathibitisha lililo sahihi. Ukiandika "sikusoma vizuri", hujaandika kitu. Wiki ya saba anza na dakika 45 kwa sehemu, teremka hadi 40, kisha 35. Usishuke ngazi kabla usahihi haujashika katika ile uliyopo. Mitihani kamili iwe mmoja kwa wiki katika wiki sita za mwisho, siku yako ya mapumziko, kwenye skrini ya LawHub hiyo hiyo, ili vidole vizoee kupigia mstari, kuficha machaguo uliyoyakataa na kuweka bendera.

Ukijumlisha hizo wiki utaona Januari imekubana. Mimi ningelenga Aprili, lakini hilo lina gharama yake: shule nyingi hufungua maombi kuanzia Septemba na huamua kadiri yanavyofika, kwa hiyo matokeo ya Aprili yanakufaa zaidi kwa kuomba Septemba inayofuata kuliko kukimbilia nafasi za mwisho za mwaka huu. Kwa kuwa shahada yako ni ya nje, LSAC hawatakukokotolea GPA ya Kimarekani, yaani wastani wa alama za chuo, watatoa tathmini ya jumla tu, na hilo linaifanya namba ya LSAT iangaliwe zaidi. Wastani wa watahiniwa uko juu kidogo ya 150. Kwa 160 unaweza kukosa maswali kama 20 hivi kati ya takriban 78, na bado ukafika. Jisajili pale mitihani mitatu mfululizo, kwa dakika 35 kamili, itakapokaa pointi mbili tatu karibu na lengo lako. Usiende "kujaribu tu": unaruhusiwa mara tano ndani ya kipindi ambacho matokeo yanaripotiwa, mara saba maishani, na shule zitaona majaribio yote hata kama nyingi huitazama ile ya juu.

Na kabla ya kulipa ada, ambayo ni zaidi ya dola 200, omba msamaha wa ada wa LSAC kwa kipato chako cha ghalani. Ukikubaliwa unapata pia LawHub kamili yenye mitihani zaidi ya 50. Uombe kwanza, ndipo ujisajili, kwa sababu ukishalipa hawarudishi.